Kufuli na Jiwe la Mpaka

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kunusa chakula kabla ya kula, hata kile alichopika mwenyewe. Hilo nalitaja mapema ili mtu asije akadhani kwamba ugomvi wa jiwe ndio uliomharibu. Ugomvi ulimkuta hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa ulinzi. Alilinda ghala la nafaka tangu ujana mpaka kichwa kikajaa mvi, na wenzake walimpa jina la Kufuli, kwa kuwa akishakukazia macho getini huchomoki mpaka useme ulikotoka, unakokwenda na kwa nini unatokwa jasho. Katika miaka yote hiyo mwizi alipatikana mmoja tu. Alikuwa mtunza stoo, mtu mpole aliyependwa na kila mtu. Mjomba alisema yule bwana jioni anatembea kwa uzito kuliko asubuhi. Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Walipomkagua wakakuta amevaa suruali mbili, na kati ya moja na nyingine mchele. Mjomba akapigiwa makofi, akapewa hata redio. Ninavyoona mimi, ile ndiyo bahati mbaya ya maisha yake. Mtu akishakuwa sahihi namna ile, mbele ya watu waliomcheka, hapati tena nafasi ya kupona.

Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko. Juu ni nyumba ya mjomba, chini ni nyumba ya mama, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, na katikati kuna jiwe. Si jiwe la kubeba. Ni jabali refu kuliko mlango, lenye rangi ya majivu na chembechembe zinazometa jua likipiga. Upande wa juu limezama kwenye udongo, na upande wa chini limeinama kidogo, likafunika kwa kivuli kibanda cha mabati ambacho mama alikifanya jiko. Babu alipokuwa hoi kitandani aliwaita wanawe wawili akawaambia, "Juu ya jiwe pa kaka, chini ya jiwe pa dada. Jiwe halihami." Akageukia ukutani, akiamini kwamba amemaliza kazi.

Babu alikuwa mtu wa heshima zake, lakini hapo aliteleza. Ni kweli jiwe halihami. Ila linapungua, na hilo babu hakuliwaza.

Mjomba alipostaafu mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na watoto hawakubahatika kupata. Kwa hiyo kila siku mchana mama alipanda mteremko na sahani iliyofunikwa. Mjomba alifunua, akanusa, akamtupia paka tonge la kwanza, akangoja aone paka atasemaje, ndipo akaanza kula. Paka yule alinenepa mpaka akawa anatembea kwa taabu. Mimi nilikuwa nakasirika kwa niaba ya mama. Mama mwenyewe wala.

"Ndivyo alivyo," aliniambia. "Mbona anakula?"

Kwake hilo lilitosha. Katika dunia hii alibaki na kaka mmoja, na kaka huyo alikuwa anakula mkononi mwake. Mengine yote aliyaacha yapite.

Siku moja, baada ya mvua kubwa, mjomba alikuta kipande cha jiwe kimelala kwenye mchicha wa mama, chembamba na kipana kama sinia. Akakigeuza. Upande mmoja ulikuwa wa kijivu, wa siku zote. Upande wa pili ulikuwa mpya, wenye madoa mekundu. Kwa akili ya mlinzi, kitu hakiwi na upande mpya mpaka mtu amekikata. Akarudi ndani, akatoka na kamba.

Hapo ndipo tulipojua habari ya kamba. Kumbe siku ya kumzika babu mjomba alikuwa amepima kutoka ukuta wa nyumba ya mama hadi kwenye ukingo wa jiwe, akafunga fundo, akaificha kamba chini ya godoro. Wengine siku hiyo tulikuwa tunalia. Sasa aliinyoosha tena mbele ya macho yetu, na fundo halikufika kwenye jiwe. Lilipelea shubiri nzima.

"Dada," alisema taratibu, "shamba lako linanenepa."

Mama alicheka, akidhani ni utani. Mjomba hakucheka. Aliona wazi kabisa: kila jiwe linapochongwa upande wa chini, mpaka unapanda juu, na ardhi ya dada inakula ardhi ya kaka polepole, kwa adabu, bila kelele. Hata alimsifu kidogo kwa uvumilivu.

Akaanza kazi yake ya zamani. Alipiga mstari wa chokaa kwenye jiwe, ili akichonga mtu mstari ukatike. Alimwaga majivu chini yake, ili apate nyayo. Asubuhi alipata nyayo nyingi sana, zote za kuku, akashinda mchana kutwa anauliza kuku wale ni wa nani na mwenye kuku ana undugu gani na sisi. Mwisho wa mwezi akapata alichokitaka. Kipande kingine kilidondoka, na mgongoni kilikuwa na chokaa yake. Nacho kilikutwa kwenye mchicha wa mama, kwa sababu ndiko mteremko unakoelekea, lakini maneno hayo ya mteremko hakutaka kuyasikia.

Mimi ni mwalimu, nafundisha jiografia darasa la saba, na somo la miamba nalijua kama njia ya kwenda nyumbani. Nikaona hii ni kazi yangu. Nilipanda nikamkuta anatazama kipande chake, nikaketi, nikamweleza kwa upole ambao kwa kweli si desturi yangu. Nilimwambia mchana jua linalipasha jiwe ngozi ya juu, nayo inatanuka. Usiku inapoa, inajikunja. Ndani jiwe halina habari kama kuna jua wala baridi. Miaka inapita, ngozi inaachana na mwili, inabanduka kama ganda la kitunguu. Nikamwambia na mvua nayo ina yake: inashuka imebeba hewa, inapita kwenye majani yaliyooza, inapata ukali kidogo, si wa kuunguza ulimi, lakini jiwe linalolambwa kila masika haliwezi kubaki vile vile. Chembe nyeupe zinageuka udongo. Zile zenye chuma zinashika kutu, na hii rangi nyekundu ndiyo kutu yenyewe. Nikachukua pembe ya kile kipande, nikaisugua kwa vidole viwili, ikawa mchanga mbele yake.

Mjomba alitazama mchanga ule, kisha akanitazama mimi.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Yako kwenye vitabu, mjomba."

"Aliyeviandika amewahi kufika hapa?"

"Hapana."

"Sasa jiwe letu amelijulia wapi?" Hakungoja jibu. "Na mbona linabanduka upande wa mama yako tu?"

"Kwa sababu ndiko jua kali la mchana linakopiga, na maji ndiko yanakotiririkia."

"Kumbe," alisema. "Jua nalo liko upande wa mama yako."

Nilishuka nimepandwa na hasira. Baadaye nilisikia amemuuliza jirani kama siku hizi walimu wanapewa viwanja.

Mambo yakaharibika kabisa jioni moja ya joto. Mchana kutwa jua lilikuwa limewaka, na jioni ikanyesha mvua ya ghafla. Jiwe likatoa mlio: tak. Kimya. Tak tena. Nimeusikia mlio huo tangu utoto, na hakuna aliyewahi kuushughulikia. Mjomba alitoka mbio na rungu, akazunguka jiwe, akamkuta mama ameinama chini yake na kisu mkononi. Alikuwa anachuma mchicha wa usiku, kabla mvua haijaulaza.

"Patasi umeificha wapi?" alimuuliza.

"Patasi gani, kaka?"

"Haya."

Alisema "haya" hiyo kama mtu anayefunga geti. Kesho yake mama alipopanda na sahani alikuta mlango umekomewa. Aligonga, akaita, akaiacha sahani kizingitini. Jioni aliikuta vile vile, na paka naye alikuwa ameitwa ndani. Siku ya pili hivyo hivyo. Mtu anayekukata ardhi, mjomba alimwambia jirani, hashindwi kukutilia kitu kwenye mboga.

Mama alikaa chini akashika tama. Sijawahi kumwona vile, hata siku ya msiba wa baba yangu. Ardhi haikumuuma hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba mjomba hakujua kupika zaidi ya uji, na sasa alikuwa anaishi kwa uji na chai. Tuliona suruali inaanza kumvuka. Tuliona anashika ukuta anapopanda ngazi. Mama aliendelea kupeleka sahani, ikaendelea kurudi, na kila iliporudi alizidi kunyamaza.

Huku nyuma mjomba aliamua kumkamata mchongaji papo hapo. Alfajiri kabla watu hawajaamka alishuka na blanketi, akajibanza pale jiwe linapoinama, juu kidogo ya jiko la mama, akakoka moto ukutani mwa jiwe, akachemsha chai yake na kulinda. Kukikucha aliuzima. Na mlinzi wa zamani hazimi moto kwa kupiga mateke. Amefundishwa kutoacha kaa hai nyuma yake, hasa penye ghala, kwa hiyo alimwaga ndoo nzima ya maji, akahakikisha mlio wa mwisho umekwisha. Jiwe lilifuka mvuke kama sufuria.

Siku za mwanzo tu mama alimwona. Mimi nilikuwa bombani napiga mswaki, nikasikia yote.

"Kaka, usikoke moto pale. Si pazuri."

"Kuna nini pale?"

"Hakuna kitu. Jiwe litakuletea balaa."

"Kuna nini pale usichotaka nikione?" mjomba alirudia, na macho yakawa madogo.

Mama akaingia ndani. Mimi nilidhani analalamikia moshi kwenye nguo zilizoanikwa. Kesho yake mjomba alikuja na magogo makubwa zaidi. Alikuwa amepata harufu ya siri, na kwa siri hakuwahi kuwa mvivu.

Wiki iliyofuata mama akaanza kuhamisha vyombo vya jikoni. Leo masufuria, kesho kinu, keshokutwa gunia la mkaa, vyote vikapangwa barazani, akawa anapikia hapo hapo. Nilimuuliza sababu, akanijibu kwamba kibandani kuna joto. Mjomba naye aliona, akaelewa kwa namna yake: anabomoa dogo ili ajenge kubwa. Akavaa koti lake la kazi, akaenda kumwita mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mkarimu, asiyependa ugomvi, na alikuja Jumamosi asubuhi na mapema kwa sababu baadaye alikuwa na harusi. Mjomba alimkaribisha pale pale chini ya jiwe, kwenye moto wake, akamwekea kiti na kumpa chai. Moto siku hiyo aliuzidisha kwa heshima ya mgeni. Juu ya gunia alikuwa amepanga ushahidi: vipande vya jiwe vyenye chokaa, kamba yenye fundo, na kisu cha mboga cha mama, ambacho tulikuwa tumekitafuta siku tatu.

"Naomba mambo matatu," mjomba alisema. "Ujengwe ukuta, hatua moja chini ya jiwe, na hiki kibanda kiondoke. Na huyu asipande tena kwangu."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yao. Mimi nilisimama barazani, karibu na masufuria.

"Na chakula?" mwenyekiti aliuliza. Mtaa mzima ulijua habari ya sahani. "Nani atakulisha, mzee wangu? Hebu jitazame ulivyokonda."

"Sihitaji," mjomba alijibu, lakini alijibu akitazama chini, na sauti ilimtoka ndogo. Nilimwonea huruma wakati ule, na nilimchukia kwa kunifanya nimwonee huruma.

Mwenyekiti alishusha pumzi. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akatazama saa yake. Akasema, kwa shingo upande, kwamba kama dada mtu hana pingamizi, basi ukuta ujengwe ili watu wapate amani. Mama akatikisa kichwa kukubali. Hapo roho iliniuma hasa. Watu wawili waliolala mkeka mmoja utotoni, na sasa mwenyekiti anauliza matofali yatatoka wapi.

"Sogea nikuonyeshe anapochongea," mjomba alimwambia, akachukua ndoo ili kwanza azime moto.

Akamwaga maji. Mvuke ukapanda ukutani mwa jiwe, na ndani ya mvuke ukatoka mlio. Huu haukuwa tak. Ulikuwa kishindo kama cha mlango wa ghala unaofungwa na upepo. Niliona mstari mweusi unakimbia kutoka motoni hadi juu ya jiwe, na upande wote ulioinama ukaachana na wenzake. Haukudondoka mara moja. Uliteleza kwanza, taratibu, kana kwamba unafikiria. Mama alikuwa amekwisha kumshika mjomba kola. Sijui alinyanyuka saa ngapi. Alimvuta kwa nguvu nisizojua kama anazo, wakaanguka wote wawili kwenye mchicha, na bamba lile, kubwa kama kitanda cha watu wawili, likapita pale alipokuwa amesimama na kulalia jiko. Mabati yalikunjika kama karatasi.

Mwenyekiti alikuwa tayari barabarani. Kwa unene wake, mpaka leo sijaelewa alifikaje.

Vumbi lilipotulia mjomba alijiinua akakaa. Ndoo ilikuwa bado mkononi. Alitazama jiwe, palipobanduka peupe kabisa, halafu masizi ya moto wake yaliyoishia pale pale ufa ulipoanzia. Nilimwona anatafuta. Alinitazama mimi, nikiwa mbali mno. Akamtazama mwenyekiti, kisha mama, ambaye alikuwa mikono mitupu. Alitutazama mmoja mmoja kama alivyokuwa akitazama watu getini, na hakupata mtu.

Kisha akageuka akaangalia kilichobaki cha jiko.

"Ndani hamna kitu," alisema.

"Nilihamisha," mama alijibu, akijikung'uta udongo.

"Ulijua."

"Ukiwa umepikia mafiga tangu utoto, utajua. Jiwe la moto halimwagiwi maji."

Mimi nikasimama pale na cheti changu cha ualimu. Jua na mvua nilivifundisha kila mwaka, na moto na ndoo ni mambo yale yale, ila ya haraka. Sikuwa nimeviunganisha.

Mjomba aliiweka ndoo chini. Alipozungumza ilikuwa kama anajihoji mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia usikoke moto pale."

Alifikiri. "Uliniambia," alikubali. "Nikaona unanificha kitu."

"Najua."

"Ungeniambia tena, dada. Ungesema mara ya pili."

"Ungeongeza kuni."

Mwenyekiti alikuwa amerudi, amesimama nyuma yetu anahema, na naye alingoja. Mjomba alikuwa mtu wa kubishana na jua, lakini hili hakulibishia.

"Ningeongeza," alisema.

Akaanza kulia, bila sauti, huku amekaa kwenye mchicha na koti lake la kazi. Mama hakumbembeleza. Alimshika mkono akamsimamisha, akaniambia nilete sufuria kutoka barazani, unga na mafuta. Mwenyekiti aliuliza kuhusu ukuta, sasa upimwe kutoka wapi, maana ukingo wenyewe haupo tena. Hakuna aliyemjibu, akaaga, akaenda harusini.

"Jiko sina," mama alimwambia kaka yake. "Nitapikia kwako."

Hakuwa anaomba ruhusa. Walipanda mteremko pamoja, yeye akimshika kiwiko, mimi nyuma na sufuria kichwani. Mama aliwasha moto jikoni kwa mjomba, akaanza kukata vitunguu. Mjomba aliketi mlangoni na macho hayakumtoka mikononi. Kisu kilipokwenda, macho yalikwenda. Mama alipotia chumvi, yeye alinyoosha shingo aone ni chumvi. Nilitaka kupiga kelele. Baada ya yote yale, bado. Mama aliona pia, maana aliinua kila kitu juu kidogo kabla ya kukitia, kipate kuonekana vizuri, akaendelea kupika.

Alipakua sahani mbili kutoka sufuria moja, akamwachia mjomba achague. Mjomba akachagua, akairudisha, akachukua ile nyingine. Mama alikaa mbele yake akaanza kula, hakumtazama, akawa ananieleza habari za bei ya mabati. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Hofu haikuwa imemtoka, ilikuwa pale pale usoni mwake, mtu yeyote angeiona. Akanawa, akakata tonge, akala.